Nani Shahidi wa Kikosi Bora cha Mwanza?

Baada ya Ramadhani ya mwaka jana, baraza la msikiti wetu lilipata kikao ambacho hakikuwamo katika ratiba ya kamati. Kila siku baada ya swala ya Isha vijana walibaki pale nje, wengine viatu vikiwa bado mkononi, wakipanga kikosi bora cha soka cha Mwanza cha nyakati zote. Tuliligundua jambo hilo kwa njia ya kikatibu. Orodha ya michango ya ukarabati wa paa ilipotea mezani, na ilipopatikana, nyuma yake palikuwa pamechorwa uwanja na majina kumi na moja yamejazwa kwa kalamu nyekundu. Tuliichukua kwa ukali unaostahili. Kisha, njiani kuelekea nyumbani, tukajikuta tunaisoma chini ya taa ya barabarani, na tulipofika kwa beki mbili tukatikisa kichwa.

Wapo wazee katika kamati waliotaka mazungumzo yale yapigwe marufuku, kwa hoja kwamba baraza la nyumba ya Mwenyezi Mungu si kijiwe cha mpira. Hoja yao ina uzito, na kwa kuiheshimu tuliwahamishia vijana chini ya mwembe, nje ya ukuta. Kupiga marufuku, hata hivyo, tulikataa. Katika mji huu ambao vibanda vya kubeti vimeota kila mtaa, mazungumzo ya mpira yasiyo na ule wanaouita mkeka ni neema ndogo, na kijana anayemgombania beki wa mwaka 1989 walau hapotezi nauli aliyopewa na mama yake.

Lakini kilichotuvuta zaidi ni jambo jingine. Miongoni mwa vijana wale hapakuwa na hata mmoja aliyewaona watu aliokuwa akiwatetea. Nasi tulio katika miaka ya thelathini hatukuwaona. Pamba, timu iliyoanzishwa mwaka 1968 na kubeba jina la zao lililoilisha Kanda ya Ziwa, ilifikia kilele chake wakati sisi tukiwa wachanga au hatujazaliwa. Mwaka 1989 ilitwaa Kombe la Nyerere, na mwaka 1990 ikaingia katika Kombe la Washindi barani Afrika. Huko ilikutana na Anse-aux-Pins ya Shelisheli, na hadi leo mabao ya mchezo ule yanahesabiwa Kirumba kama watu wahesabuvyo ng'ombe wa mahari. Mzee mmoja hukuambia kumi na mawili, mwingine hukuambia kumi na saba, na wanatazamana kwa hasira mpaka atokee wa tatu kueleza kwamba wa kwanza anasema mchezo mmoja na wa pili anajumlisha yote miwili.

Picha za video ziko wapi? Msomaji akumbuke kwamba Tanzania Bara haikuwa na televisheni mpaka mwaka 1994. Kijana wa Igogo leo anaweza kufungua simu yake na kumtazama Pelé akicheza Mexico mwaka 1970, kwa rangi, kila pasi. Pamba iliyocheza katika mji wake miaka ishirini baadaye hawezi kuitazama. Iliyopo ni sauti ya mtangazaji wa Radio Tanzania Dar es Salaam ambayo haikubaki hewani, ripoti fupi za magazeti, na macho ya watu waliokuwapo, ambayo kila mwaka tunayafumba na kuyazika.

Hapo ndipo tulipoomba ruhusa ya kuketi nao. Tuliwaeleza kwamba tulipokuwa chuoni tulifundishwa kwamba habari haisimami peke yake, husimama juu ya aliyeileta. Nani kakusimulia? Naye kasimuliwa na nani? Alikuwapo, au anasema tu? Ni mtu wa kuaminika, na kumbukumbu yake je? Ilivyo ni kwamba elimu ya wapokezi iliwekwa kwa ajili ya jambo tukufu kuliko mpira, na kila kitu kina cheo chake. Lakini tabia ya kuuliza “nani shahidi?” haina sehemu isipofaa. Vijana walicheka, kisha mmoja akachukua daftari.

Kanuni tulizoweka zilikuwa chache. Jina halitaingia ila kwa ushahidi wa mtu aliyemwona mchezaji kwa macho yake. Atazungumzwa kwa yale ya uwanjani tu, maana ghiba haigeuki halali kwa kuwa msengenywaji aliwahi kuvaa jezi. Ya tatu ndiyo iliyozua vita: mchezaji atahesabiwa kwa alichokifanya akiwa na timu ya Mwanza, si kwa alichokifanya baada ya kuhamia Dar es Salaam.

Kwa nini tulishikilia hiyo ya tatu? Kwa sababu karatasi ya kwanza, ile ya nyuma ya michango ya paa, haikuwa kikosi cha Mwanza hata kidogo. Ilikuwa orodha ya watu wa Mwanza waliotambuliwa na Simba na Yanga. George Masatu alikuwamo, Hussein Masha alikuwamo, Nteze John alikuwamo, na wote wanastahili, tena kwa mapokezi ya wengi, mutawatir, hatujapata mzee aliyewapinga. Lakini tulipouliza kwa nini wamo, kijana alitujibu, “Ustadhi, hao walicheza Simba.” Yaani Mwanza ni shamba, na mavuno huhesabiwa yakishafika Kariakoo. Aliyebaki huku, kwa sababu ya mama mgonjwa au kwa kupenda tu ziwa, hakupigwa picha na hana anayemjua. Huko si kuchagua bora, ni kunakili uchaguzi uliofanywa na wengine.

Kanuni hiyo iliwagombanisha vijana wawili marafiki juu ya baba na mwana. Khalfan Ngassa aliichezea Pamba. Mwanawe Mrisho, aliyezaliwa hapahapa Mwanza mwaka 1989, alifika mbali kuliko baba kwa sifa na safari: Kagera Sugar, Yanga, Azam, Simba, Taifa Stars kwa miaka mingi, hata majaribio West Ham ya Uingereza mwaka 2009. Lakini Pamba ilishuka kutoka Ligi Kuu mwaka 2001, Mrisho akiwa mtoto, na haikurejea mpaka mwaka 2024 kwa jina la Pamba Jiji. Kati ya miaka hiyo 23, mtoto wa Mwanza mwenye kipaji angeivalia wapi jezi ya Lindanda? Yule aliyemtetea Mrisho alisema kanuni yetu inamwadhibu kijana kwa kosa la waliouacha mti ukauke. Mwenzake akasema kanuni ni kanuni. Wakaacha kusalimiana. Siku ya nne tuliwaita wote wawili, tukawakumbusha kwamba Mwislamu hamhami ndugu yake zaidi ya siku tatu, na kwamba hata akina Ngassa wenyewe wangewashangaa. Walipeana mikono bila kutazamana. Kwa hukumu yetu Khalfan ameingia na Mrisho yuko katika orodha ya pembeni, nasi tunakiri kwamba mtetezi wa Mrisho alikuwa na hoja ambayo hatujaijibu.

Mashahidi wenyewe walitoka pale tusipotarajia. Tulidhani watakuwa wazee wa safu ya mbele, na kweli wao walitupa Fumo Felician na Mao Mkami, ambaye wanapotaja chenga zake hunyanyuka kutoka kwenye mkeka (wa kukalia, si ule mwingine) kuonesha kwa miguu iliyochoka. Lakini shahidi aliye bora kuliko wote alitoka upande wa akina mama. Bibi yetu mmoja aliuza chai na mihogo mlangoni mwa uwanja wa Nyamagana kwa miaka mingi. Hakuwahi kukata tiketi. Aliwaona wachezaji wakiingia na wakitoka, na anakumbuka nani alilipa na nani alikopa. Tulipomuuliza juu ya makipa wawili ambao wazee waliwagombania, Madata Lubigisa na Paul Rwechungura, alisema, “Mie sikuona magoli, wajukuu zangu. Nilisikia kelele tu. Msiniandike kwa nisichokiona.” Tungependa kila anayesimama kutoa ushahidi katika mji huu amsikie bibi huyo.

Na wala tusidhani kusahau ni ugonjwa wa zama za redio. Aprili 2017 sisi tulikuwapo CCM Kirumba, Mbao FC ilipoitoa Yanga kwa bao 1 kwa 0 katika nusu fainali ya Kombe la Shirikisho. Mwezi uliofuata ilikwenda Dodoma na kufungwa na Simba 2 kwa 1 katika fainali, baada ya muda wa nyongeza. Televisheni ilionesha yote. Tuliwataka vijana wataje wachezaji watano tu wa Mbao wa siku ile. Walifika watatu, na wa tatu aligeuka kuwa wa Toto African.

Tumeyaeleza haya kwa raha, lakini lililotufanya tuyaandike gazetini si la raha.

Katika mikutano ile ya chini ya mwembe alikuwa akija fundi seremala wa mtaani kwetu, mtu wa Ukerewe kwa asili, ambaye vibao vyote vya kuwekea misahafu msikitini ni kazi ya mikono yake. Alikaa juu ya jiwe, tasbihi mkononi, akisikiliza. Hakuchangia. Usiku mmoja tu aliuliza, “Na beki tatu mmemweka nani?” Vijana wakamtajia jina. Akatabasamu, akasema ni mzuri huyo, akainuka taratibu kwa goti lake baya, akaenda zake. Hakuna aliyemuuliza kwa nini ameuliza. Nasi tulikuwapo, daftari la mashahidi likiwa mapajani mwetu.

Alifariki mwezi wa Safar. Kazi ya kuandika wasifu wa marehemu ni ya katibu, na tuliiandika usiku uleule kwa kuwauliza wanawe: alizaliwa wapi, alikuja Mwanza akiwa kijana, ufundi wake, watoto wake sita, michango yake msikitini. Mistari kumi na miwili. Tuliisoma makaburini, watu wakamshuhudia kwa wema, tukamzika. Tulipokuwa tukikung'uta udongo, mzee mmoja aliyekuja na meli kutoka Nansio alitushika mkono. “Katibu, umesoma vizuri. Lakini mbona hukusema kwamba alikuwa beki tatu wa mkoa?”

Akatusimulia wakiwa vijana pamoja, Kombe la Taifa, goti lililoumia, na watu waliotoka Dar es Salaam kumtaka naye akakataa kuondoka. Tuliwarudia wanawe. Hawakujua lolote. Aliacha mpira kabla mkubwa wao hajaanza kutembea, na kwake habari iliyokwisha ilikuwa imekwisha. Goti walidhani ni la useremala.

Mtu ambaye hatukumuuliza ni mkewe. Ilitupitia, kwa sababu wasifu huulizwa kwa wanaume walioketi nje kwenye turubai. Alikuwa katika eda, hivyo tulipeleka swali kupitia akina mama wa msikiti, na jibu likarudi siku hiyohiyo. Ndiyo, alikuwa akicheza. Jezi yake yeye mkewe ndiye aliyeifua, kwa sabuni ya mche, na kuianika juu ya jiwe kubwa nyuma ya nyumba yao ya kwanza, kule mlimani Mabatini. Mgongoni ilikuwa na namba tatu. Akaongeza kwamba hajaulizwa jambo hilo na mtu yeyote tangu aolewe.

Tulipolileta suala hili chini ya mwembe, kijana mwenye daftari alitaka aandikwe mara moja, kwa huruma. Wengine wakasema huruma si ushahidi. Mzee wa Nansio ni shahidi mmoja aliyeona mchezo. Mjane ameiona jezi, hakuuona mchezo, na yeye mwenyewe amesema hivyo kwa uaminifu uleule wa bibi wa chai. Mjadala ulikuwa mrefu, na safari hii hakuna aliyepandisha sauti.

Basi kikosi chetu kwa sasa kina majina tisa ya wino. Langoni bado wanabishana. Kwenye beki tatu tumeandika jina la fundi wetu kwa penseli, na Jumamosi ijayo, inshaallah, vijana wawili watapanda meli ya Nansio kwenda kumtafuta shahidi wa pili, maana yule mzee anasema yuko mmoja aliyecheza winga upande uleule, na kwamba hali yake si nzuri.