Lucky Dube hakuwa sauti peke yake

Wasee, kila 18 Oktoba simu yangu hujaa picha za Lucky Dube. Stetasi, video fupi, maua, mishumaa. Poa, hata mimi huposti. Lakini kama mtu anayetafuta unga kwa kupiga gita la besi hapa Nairobi, naona tunamkumbuka nusu. Tunakumbuka sauti, tunasahau bendi.

Cheki alikotoka. Alizaliwa Ermelo, Afrika Kusini, 3 Agosti 1964. Kabla ya rege aliimba mbaqanga kwa Kizulu, na ilikuwa inamlipa: rekodi zake ziliuza kama nakala 30,000. Mwaka 1984 akaamua kutoa rege, Rastas Never Die. Ikauza kama 4,000 tu, na serikali ya ubaguzi wa rangi ikaipiga marufuku. Hebu piga hiyo hesabu. Wengi wetu leo watazamaji wakipungua hivyo tunakimbilia kile kilichokuwa kinabamba. Yeye alirudi studio, 1985 akatoa Think About the Children, na hiyo ikafika platinamu. Slave ya 1987 na Prisoner ya 1989 bado unazisikia kwa matatu hadi leo.

Sasa ongeza sauti usikie kilicho nyuma yake. Besi haipigi kila mahali. Inaacha nafasi, na hizo nafasi ndizo zinakutikisa kichwa. Gita linakata katikati ya mapigo. Kibodi inachemka chini kwa chini. Akina dada wanaoitikia wanajibu kila neno kama kanisani. Hiyo haikuji kwa bahati. Ni watu waliofanya mazoezi pamoja mpaka wakajuana pumzi, na kiongozi aliyejua nani anyamaze wakati gani. Bendi iliitwa The Slaves. Ni wangapi hapa wanamjua Thuthukani Cele, aliyempigia kibodi miaka mingi? Ndio maana nasema nusu.

Na hii si hadithi ya Johannesburg pekee. Kuna mratibu mmoja wa shoo aliniambia, "Si mwimbaji aje tu na flashi? Bendi ni gharama." Namwelewa. Watu wanane wanataka nauli, chakula na malipo, halafu vyombo vyenyewe vinabebwa na pikapu ya kukodi. Na sina noma na wasee wa laputopu, wengine ni moto kuniliko. Lakini tukizoea flashi kila wikendi, kijana wa Kayole anayejifunza ngoma atapigia nani? Hakuna mtu anazaliwa akijua kupiga na wenzake. Unajifunza kwa kukosea jukwaani mbele ya watu, tena na tena. Jukwaa likiisha, shule imefungwa.

Lucky aliuawa 18 Oktoba 2007 kule Rosettenville, Johannesburg, na majambazi waliotaka gari lake, muda mfupi baada ya kuwashusha watoto wake. Alikuwa na miaka 43. Mimi nilikuwa mtoto mdogo. Nimemjua kwa spika, kama wengi wenu. Inauma, kwa sababu mtu kama huyo bado alikuwa na miaka mingi ya kupanda jukwaani.

Kwa hivyo ombi langu ni dogo. Mwaka huu kabla uposti picha yake, tafuta bendi moja inayopiga laivu mtaani kwenu. Lipa kiingilio, hata kama mwimbaji ni binamu yako. Wakimaliza, muulize mpiga besi jina lake, kisha mtagi yeye pia. Na kama wewe ndio unapanga shoo, anza hata na watu watatu: ngoma, besi, kibodi.

Haya, niambieni hapo chini: mara ya mwisho kulipa kuona bendi laivu ilikuwa lini?