Mtama wa Kuku Nyuma ya Nyumba

Je, mradi wako wa kuku unamezwa na bei ya chakula? Kuku mmoja wa mayai hula karibu gramu 120 kwa siku. Kuku 10 humaliza kilo 36 kwa mwezi. Ukinunua zote dukani, ada ya mtoto itatoka wapi?

Ukiwa na kipande cha shamba, panda mtama, hasa sehemu kavu kama Dodoma na Singida. Chagua mweupe, mwekundu mchungu una tanini inayopunguza faida ya chakula.

Mwaka mmoja niliwapa kuku wangu mahindi yenye ukungu, nikiona uchungu kuyatupa. Walikufa saba. Usirudie kosa langu! Kausha nafaka juu ya turubai, hadi punje ukiiuma ivunjike kwa mlio. Iliyoota ukungu huweza kuwa na sumukuvu: usiwape kuku, wala usiwapikie watoto.

Nafaka peke yake haitoshi. Ichanganye na mashudu ya alizeti, dagaa na chokaa ya mifugo.

Robo eka haitamaliza haja yote, lakini kila debe unalovuna ni debe ambalo hukulinunua.