Niacheni na Shira Yangu

Louisville, Kentucky, Jumamosi ya kwanza ya Mei, siku ya mbio kubwa za farasi. Mji mzima unakunywa julepu: wiski, nanaa, sukari na barafu iliyopondwa. Tulikuwa nyumbani kwa rafiki, na zamu ya kuchanganya ilikuwa yangu. Nikamimina shira ya mepo badala ya sukari. Mgeni mmoja akanishika mkono.

"Hiyo siyo asili," akasema. "Umekuja juzi tu, usituharibie."

Siku hiyo nilinyamaza. Leo sinyamazi.

Tuanze na hiyo asili. Jina julepu chanzo chake ni Uajemi: gulab, maji ya waridi, kama yale ambayo kwetu pwani wageni wa harusi hunyunyiziwa kwa mrashi. Humo hamkuwa na wiski wala nanaa. Hata Marekani kwenyewe, kitabu cha Jerry Thomas cha mwaka 1862 kinatengeneza julepu ya nanaa kwa brandi ya Cognac. Asili hiyo ilikwisha kubadilika mara ngapi kabla mimi sijapanda ndege?

Na sukari je? Muwa ni mgeni Marekani kama mimi. Mwenyeji ni mepo, mti ambao jani lake limo katika bendera ya Kanada. Waanishinaabe walichemsha utomvu wake kabla Mzungu hajafika. Mwaka 1791 daktari Benjamin Rush wa Philadelphia alimwandikia Thomas Jefferson akitetea sukari ya mepo, ili ile iliyotoka kwa jasho la watumwa wa Karibi ikose soko.

Sisemi shira inamtakasa mtu. Jefferson aliipanda miti hiyo katika shamba lililolimwa na watumwa wake mwenyewe. Ninachosema ni kwamba anayedai asili aibebe yote. Amtaje John Dabney wa Richmond, Virginia, aliyezaliwa utumwani, akasifika kwa julepu zake, na kwa fedha za kazi yake akamkomboa mkewe. Usiku ule nilimsikiliza mgeni wetu akitaja farasi washindi mmoja baada ya mwingine. Dabney hakumtaja.

Basi mimi nachanganya hivi. Majani manane ya nanaa na vijiko viwili vya chai vya shira. Yabonyeze taratibu kwa mgongo wa kijiko. Ukiyaponda yatatoa uchungu. Tia mililita 60 za wiski, jaza barafu, koroga mpaka kikombe cha chuma kigande ukungu kwa nje. Chomeka tawi la nanaa juu, pua ipate haki yake. Ila soma kibandiko cha chupa: nyingi za bei rahisi ni shira ya mahindi iliyotiwa harufu. Lita moja ya mepo halisi huhitaji kama lita 40 za utomvu, ndiyo maana bei yake inauma. Kama hunywi pombe, tia chai ya rangi iliyopoa, kwangu hufukuzwi.

Mgeni yule akirudi, kikombe chake kipo. Akitaka kuniambia tena habari za asili, aseme, lakini safari hii aanze na jina la Dabney.