Nondo Huyu ni Nani?

Ikiwa unaishi Gitothua kule Ruiru na umepanda sukuma wiki nyuma ya nyumba, jioni ya leo hebu itikise kidogo. Huenda wakaruka wadudu wadogo wa kijivu na kutua tena papo hapo. Wengi huwaita vipepeo, kumbe ni nondo. Wengi pia hukimbilia dawa kabla ya kujua ni nondo gani.

Mnase mmoja kwa gilasi, mfunike kwa karatasi ngumu, kisha mngoje atulie. Je, hafikii sentimita moja? Je, amenyoosha vipapasio mbele, na mabawa yaliyokunjwa yana alama tatu za rangi ya maziwa, mfano wa almasi zilizopangwa mstari mgongoni? Basi huyo ndiye adui wa sukuma na kabeji. Kiwavi wake ni wa kijani. Mguse tu, atajipindapinda na kujiangusha, akining'inia kwa uzi mwembamba. Jani alilolila hubaki na vidirisha vinavyopitisha mwanga.

Kwenye nyanya yuko mwingine, mdogo zaidi, wa rangi ya fedha yenye madoa meusi. Huyo ni Tuta absoluta, mgeni kutoka Amerika Kusini aliyeingia Kenya mwaka 2014. Viwavi wake huchimba ndani ya jani, kisha hutoboa tunda. Anafanana mno na nondo wa viazi, hivyo usitegemee mabawa peke yake. Kagua nyanya zenyewe.

Asiye na alama hizi, mwachilie aende zake. Huenda amefuata taa tu.

Lakini kwa nini tujisumbue hivi? Nondo wa sukuma amekwisha kuzizoea dawa nyingi. Unaponyunyiza, yeye hupona na wanaokufa ni nyigu wadogo wanaotaga mayai ndani ya viwavi wake. Kituo cha icipe cha Kasarani kiliwaleta nyigu wa aina hiyo kutoka Taiwan, wakaachiliwa mwaka 2002 kule Taita na Tharuni, Limuru. Na ukishanyunyiza, nani nyumbani mwako atangoja siku zilizoandikwa kwenye chupa kabla ya kuchuma mboga ya watoto?

Kama viwavi ni wachache, amka mapema uwaokote kwa mkono. Kuku watashukuru.