Wimbo Usiomwambia Mtu "Nyamaza"

Wahenga walisema kwamba kilio huanza mfiwa, ndipo wa mbali akaingia. Leo nataka kuwaeleza juu ya mtu wa mbali sana aliyeingia katika kilio changu. Naye ni mwimbaji wa Japani aitwaye Angela Aki. Najua kuna watakaocheka na kusema, "Huyu hata salamu ya Kijapani haijui, nyimbo za Japani zamhusu nini?" Ngojeni kwanza. Msinihukumu kabla ya kunisikiza.

Mwaka jana, nikiwa Kidato cha Pili, nilirudishwa nyumbani kwa sababu ya karo, tena kwa mara ya pili katika muhula mmoja. Mama yangu huuza mboga sokoni. Mwezi huo alikuwa mgonjwa na meza yake ilikaa tupu. Basi nikakaa nyumbani majuma matatu. Kila aliyepita pale kwetu alikuwa na neno moja tu la kuniambia: "Jikaze, wewe ni mwanaume." Jirani, jikaze. Mjomba, jikaze. Nami nikajikaza kwelikweli, nikawa kama gogo. Usiku nilikuwa nikiwaza kuacha shule nikasukume mkokoteni. Sikumwambia mtu yeyote.

Usiku mmoja dada yangu mkubwa aliweka simu yake mezani, katikati yetu, akasema, "Hebu sikiza huu." Nikaona wanafunzi wa Kijapani, wa rika langu hasa, wamevaa sare zao na kusimama wima kama kwaya yetu inavyosimama. Walikuwa wakiimba, na tafsiri ya Kiingereza ikipita chini ya picha. Wengine walikuwa wakilia huku wakiimba. Sikuamini macho yangu.

Wimbo wenyewe unaitwa "Tegami", yaani "Barua", na barua hiyo ni ya kijana wa miaka 15. Ulitolewa mwaka 2008. Angela Aki alizaliwa mwaka 1977 katika mkoa wa Tokushima, baba yake akiwa Mjapani na mama yake Mmarekani. Nyimbo zake ni za taratibu, na hujipigia piano mwenyewe. Alipokuwa kijana aliiandikia barua nafsi yake ya siku za usoni. Alipotimiza miaka 30, mama yake akamtumia barua ile. Kumbe muda wote huo mzazi alikuwa ameitunza! Kutokana na barua hiyo alitunga wimbo huu, ukawa wimbo wa lazima kwa shule za sekondari ya chini katika mashindano ya kwaya ya shirika la utangazaji la NHK mwaka huohuo wa 2008. Wanakwaya wetu wanaelewa habari ya wimbo wa lazima, maana hata katika Tamasha za Muziki hapa Kenya tunapangiwa nyimbo namna hiyo.

Kwa nini miaka 15? Kule Japani huo ndio umri wa kumaliza sekondari ya chini na kufanya mtihani wa kuingia sekondari ya juu. Marafiki hutawanyika, huyu huku na yule kule. Ndiyo maana wimbo huu huimbwa sana mwezi wa Machi katika mahafali ya shule.

Sasa nije kwenye hoja yangu. Wimbo huu una pande mbili. Upande wa kwanza, kijana anamwandikia mtu mzima atakayekuwa yeye, akimweleza mizigo ya moyo wake ambayo hawezi kumwambia mwingine. Upande wa pili, mtu mzima anamjibu. Hapo ndipo niliposhangaa. Nilitarajia aseme kwamba mambo yote yamenyooka, ana gari na nyumba ya ghorofa. Wapi! Anakiri kwamba hata ukubwani kuna kuumia na kuna usiku wa kukosa usingizi, lakini bado anaendelea kuishi, na anamtaka kijana aiamini sauti yake mwenyewe.

Maoni yangu ni haya: faraja ya kweli haimwambii mtu "nyamaza". Inamwambia "nimekusikia". Sisi hapa shuleni tumezoea kufarijiana kwa amri. Mtu akifeli, jikaze. Akifiwa, jikaze. Wavulana ndio tumezidi, kwani machozi tumeyafanya kuwa aibu. Lakini mficha maradhi, kifo humuumbua. Mtu anaweza kujikaza darasani mbele yenu nyote, kumbe moyoni ameshaacha shule. Mimi nilikuwa mmoja wao.

Ule wimbo ulipoisha, nilimwambia dada habari ya mkokoteni. Hakunigombeza. Asubuhi akamwambia mama, na mama, ingawa alikuwa bado dhaifu, alijifunga leso tukaandamana hadi shuleni. Tulikubaliwa kulipa kidogo kidogo. Naam, siku hiyo nilirudi darasani.

Kuna rafiki yangu aliyenipinga akisema, "Wimbo haulipi karo." Ni kweli, haukulipa hata shilingi moja. Ni mama aliyelipa, kwa jasho lake. Lakini asingejua nilichokuwa nikipanga kama ningebaki gogo. Mwingine alisema ati tuna nyimbo zetu, za nini kuomba za wageni? Nami nakubali kwamba zetu ni tamu na zinafundisha. Lakini sikuuacha wimbo wa nyumbani ndipo nikaupenda huu. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Kwa hivyo nina ombi kwa Chama chetu cha Kiswahili. Kila mwanafunzi wa shule hii, kabla muhula huu haujaisha, aiandikie barua nafsi yake ya miaka kumi ijayo, kwa Kiswahili, bila kuogopa kalamu nyekundu. Aandike yanayomsumbua kweli, kisha aifunge na kumpa mzazi au mlezi amtunzie. Na ninyi walimu wetu wapendwa, mnisamehe nikiwaomba hili: siku moja mtusimulie mlivyokuwa mkiwa na miaka 16. Mtueleze mlipoanguka pia, wala msiishie kwenye alama mlizopata. Hayo yatatupa nguvu kuliko "jikaze" mia moja.

Mimi barua yangu nimeshaandika. Iko kwa mama, ndani ya sanduku la leso zake. Nimemwomba asiifungue, naye akacheka akasema hata miwani hana.

Mwanachama, Kidato cha Tatu