Ua lenye kiu ya hewa



Juma hili ukurasa wetu wa nyumba unajibu swali la mama mmoja wa kikundi. Binti yake anakaa Liège, kule Ubelgiji. Alipojifungua, rafiki zake walimpa zawadi ya orkide ndani ya chungu. Mwezi wa kumi ua lilikuwa zuri. Tangu wawashe shofaji, matumba, ni kusema maua yasiyofunguka bado, yanaanguka moja moja, na majani yamelegea. Binti anamwagilia kila siku, na hali inazidi kuharibika. Mama anauliza: nimwambie mtoto wangu nini?

Mwambie kwanza aache kumwagilia kila siku. Ua lile halikosi maji ya chungu. Linakosa unyevu wa hewa. Hayo ni mambo mawili, na mwenye kuyachanganya anaozesha mizizi huku akidhani anasaidia.

Sisi hapa Lubumbashi tuko katika mvua, nguo zinakataa kukauka. Ni vigumu kufikiri kwamba wakati huu huu hewa ya nyumba za Ulaya imekauka kuliko yetu ya mwezi wa nane. Sababu yake ninaifundisha hivi darasani: hewa ni kama kikapu cha kubebea maji. Hewa ya baridi ni kikapu kidogo, hewa ya moto ni kikapu kikubwa. Kwenye digri 0, meta moja ya mraba kwa kimo cha meta moja inaweza kubeba karibu gramu 5 tu za maji. Kwenye digri 20 inaweza kubeba karibu gramu 17. Sasa hewa ya nje ya baridi inaingia ndani, shofaji inaipasha moto, lakini hakuna aliyeiongezea maji. Kikapu kimekuwa kikubwa, maji ni yale yale gramu 5. Hata kama nje kikapu kilikuwa kimejaa, ndani unyevu unashuka mpaka karibu 28 kwa mia. Hewa hiyo inatafuta maji kila mahali: kwenye majani, kwenye midomo, kwenye pua ya mtoto.

Wengi wetu tunajua orkide bila kujua. Chikanda tunayokula inatoka kwenye viazi vya orkide za porini. Hizo zinakaa ndani ya udongo. Kipwa kikifika, majani yanakufa, kiazi kinalala chini kikingoja mvua. Orkide ya madukani ya Ulaya, mara nyingi ile inayoitwa Phalaenopsis, ni ya ukoo mwingine. Kwao ni Asia, katika misitu ya mvua kama ya Filipino na Indonesia, ambako inashikilia miti, mizizi ikiwa hewani. Haina kiazi cha kuweka akiba. Inataka hewa yenye unyevu wa 50 mpaka 70 kwa mia, na mizizi inayopata maji kisha inapata hewa. Ukiizamisha katika maji, mizizi inakosa pumzi na kuoza. Mizizi ikioza, mmea hauwezi tena kunywa, na majani yanalegea kama ya mmea wenye kiu. Ndiyo maana wengi wanaongeza maji.

Basi binti afanye hivi:

1. Atoe chungu juu ya radiateri. Akiweke karibu na dirisha lenye mwanga, mbali na upepo wa baridi wa mlango.

2. Atazame mizizi kabla ya kumwagilia. Chungu cha orkide mara nyingi kinaonyesha ndani. Mizizi ya kijani bado ina maji; ya rangi ya majivu inaomba maji. Wakati wa baridi mara moja kwa juma inatosha mara nyingi. Amwagilie asubuhi, kwa maji ya vuguvugu, aache yote yachuruzike. Mizizi iliyokuwa ya kahawia na laini aikate kwa makasi safi.

3. Achukue sahani pana, aweke vijiwe na maji kidogo, kisha chungu juu ya vijiwe. Chungu kisiguse maji. Msaada wa sahani ni mdogo, hauvuki mmea wenyewe, kwa hiyo aweke na mimea mingine karibu. Mimea ikikaa pamoja inapeana unyevu.

4. Aanike nguo za mtoto ndani ya chumba hicho. Nguo zikikauka, maji yake yanaingia hewani. Akimaliza kuoga, aache mlango wa bafu wazi. Hiyo haina bei.

5. Asitegemee kunyunyizia majani. Unyevu wake unaisha kwa dakika chache, na maji yakibaki katikati ya majani yanaozesha moyo wa mmea.

6. Asiache sufuria ya maji ikichemka chumbani ili itoe mvuke. Mtoto anayetambaa anaweza kuivuta.

Kama ana uwezo, anunue kile kipimo kidogo cha unyevu kinachoitwa higrometa. Si cha bei kubwa. Kikionyesha 50 kwa mia, ua limeridhika na pua ya mtoto pia. Asipite 60 kwa siku nyingi. Vioo vya dirisha vikitoka jasho kila asubuhi, ukungu mweusi utaota ukutani, na ukungu huo unamletea mtoto kikohozi. Dawa yake ni kufungua dirisha kwa dakika 5 mpaka 10 kila siku, hata kwenye baridi.

Na sisi wa huku? Tuhifadhi ukurasa huu mpaka mwezi wa sita. Usiku wa Juni na Julai baridi inatushika, wengine wanaingiza mbabula ndani ya chumba cha kulala, na hewa yetu ya kipwa nayo ni kavu. Kuna wanaoweka sufuria ya maji juu ya makala na kusema, "Maji yatavuta sumu." Wamama, maji hayavuti sumu hiyo. Mvuke unalainisha hewa tu. Sumu ya makala, kaboni monoksidi, haina harufu wala rangi, na inaua watu wakiwa usingizini. Mbabula ibaki nje. Mtoto tumfunike kwa blanketi, na unyevu tuulete kwa kitambaa kilicholowa, kilichotundikwa kwenye kamba chumbani. Ukisikia kichwa kinauma, kizunguzungu au kutapika katika chumba chenye makala, toa watu wote nje kwanza, kisha mkimbie hospitali.

Kwa binti wa Liège: matumba yaliyoanguka hayarudi, lakini mmea wenyewe unaweza kupona kama bado una mizizi migumu. Asikate tamaa, asitupe chungu. Dalili ya kupona ni jani jipya au ncha ya kijani kwenye mzizi. Inaweza kuchukua miezi.

Katika mkutano wa juma lijalo, kila kikundi kifanye jaribio hili: vitambaa viwili sawa vilivyolowa, kimoja karibu na moto wa jikoni, kingine mbali. Hesabuni dakika mpaka vikauke. Mtaona wenyewe jinsi hewa ya moto inavyokunywa.

Mbaki na amani nyumbani.