Ulyankulu na baiskeli isiyo na gia: Gharama haiko dukani, iko kwenye kuitunza

KATIKA miji mikubwa ya Ulaya na Marekani, tangu miaka ya mwanzo ya 2000, ulienea mtindo wa vijana kununua baiskeli zisizo na gia wala friwili. Hizi ni zile ambazo gurudumu la nyuma likizunguka, pedeli nazo huzunguka, na mpandaji hapati nafasi ya kupumzisha miguu hata kwenye mteremko. Asili yake ni viwanja vya mashindano, na zilizoea mitaani kwa kutumiwa na matarishi wa miji kama New York. Wanaozipenda hutoa sababu moja kubwa: vipuri vyake ni vichache, na kisichokuwapo hakiharibiki.

Hoja hiyo isingemshangaza mkazi wa Ulyankulu, wilayani Kaliua, mkoani Tabora. Huko baiskeli ya gia moja haijawahi kuwa mtindo. Ni ile nyeusi, ya tairi za inchi 28, yenye breki za vyuma na keria nyuma, iliyotoka China au India kwa majina ya Phoenix, Hero au Avon, na kabla ya hapo Raleigh ya Uingereza. Tofauti na ile ya vijana wa ng'ambo ni kwamba ina friwili, hivyo miguu hupumzika. Hata hivyo, friwili ikichakaa ikaanza kuteleza, na mpya isipopatikana, fundi mwenye mashine ya kuchomelea anaweza kuigandisha moja kwa moja. Hapo baiskeli hugeuka kuwa ileile inayouzwa kwa bei ya juu ng'ambo, ila mwenye nayo huwa hana cha kujivunia.

Suala linalostahili kuangaliwa, basi, si kama chombo hiki kimepitwa na wakati. Ni kama mwenye nacho anaweza kuendelea kukitunza, na kama miji anayokwenda nacho ina mahali pa kukiweka.

Ulyankulu iko katika nchi aliyoitawala Mtemi Mirambo hadi alipofariki mwaka 1884. Kwa miaka mingi ya karne hiyo Wanyamwezi walikuwa wapagazi mashuhuri wa njia ya misafara kutoka Bagamoyo hadi Tabora na kuendelea Ujiji. Mzigo wa mpagazi mmoja ulikuwa karibu kilo 30, ukibebwa kichwani au begani kwa miezi. Baiskeli ya leo hubeba magunia mawili au matatu ya mkaa, na mara nyingi mwenyewe hapandi bali husukuma. Kwa maneno mengine, bado ni upagazi, ila uzito umehama kutoka begani kwenda kwenye magurudumu.

Makazi ya Ulyankulu yenyewe yalianzishwa mwaka 1972 kwa ajili ya wakimbizi kutoka Burundi. Vijiji vilipangwa kufuata barabara zilizopewa namba, na wasomaji wengi wa mijini wanalifahamu jina la Barabara ya 13 kutokana na kwaya ya injili iliyolibeba. Ni makazi yaliyotawanyika, yenye mashamba ya tumbaku na mahindi. Kwa miaka mingi mkimbizi alihitaji kibali ili kutoka nje ya eneo hilo. Kwa hiyo maisha yote yalizungukia humo humo: kuni za kukaushia tumbaku, maji, mtoto kwenda shule, mgonjwa kwenda zahanati. Mwenye baiskeli na asiye nayo hawakuishi katika kijiji kimoja, hata kama nyumba zao zilipakana.

Mambo yalibadilika pale Serikali ilipowapa uraia zaidi ya wakimbizi 160,000 wa kundi hilo la mwaka 1972, na vyeti kuanza kutolewa Oktoba 2014. Kuanzia hapo safari za kwenda Urambo, Kaliua na Tabora mjini hazikuwa tena suala la kibali. Zilibaki kuwa suala la chombo.

Chombo hicho kina adui mmoja mkubwa, nao ni mchanga. Mkazi wa Dar es Salaam au Zanzibar hupambana na kutu ya upepo wa bahari, lakini Tabora hewa ni kavu kwa sehemu kubwa ya mwaka na chuma hudumu. Kinachoua baiskeli huko ni vumbi linaloganda kwenye mnyororo uliopakwa mafuta mengi. Mchanga na mafuta vikichanganyika husaga pini za mnyororo na meno ya gia kama tupa. Mnyororo hurefuka, huanza kuruka, na ukibadilishwa wenyewe bila kubadilisha gia iliyolika, ule mpya nao hulika mapema. Ndiyo maana fundi anayejua kazi yake huufuta mnyororo kwanza, hupaka mafuta kidogo, kisha huufuta tena. Wengi humwaga oili chafu ya gari wakidhani wamefanya hisani.

Gololi za magurudumu na za usukani zinahitaji kufunguliwa, kusafishwa na kupakwa grisi, hasa baada ya masika, kwa sababu maji ya madimbwi huingia ndani na kuiondoa grisi. Pancha za miiba ni jambo la kila wiki. Keria huongezewa nondo na uma wa mbele huchomelewa vyuma vya ziada, kwani kiwanda hakikuunda baiskeli ya kubeba mkaa. Breki za vyuma zikilegea na visahani vyake vya mpira vikiisha, wapo wanaosimamisha baiskeli kwa kukanyaga tairi kwa soli ya kandambili. Hilo si ubunifu wa kusifiwa. Ni ajali inayosubiri siku yake.

Kazi zote hizo hufanywa na fundi aliyekaa chini ya mwembe, mwenye spana chache, solusheni na beseni la maji. Ufundi wake aliupata kwa kukaa karibu na fundi mwingine. Anachoshindwa ni ubora wa vipuri. Rimu nyepesi hujipinda kwa gunia la kwanza, na spoku laini hukatika moja baada ya nyingine. Enzi za kiwanda cha umma cha NABICO, kilichotoa baiskeli za Swala, angalau mlalamikiwa alijulikana. Leo fremu kuukuu huweza kuthaminiwa kuliko baiskeli mpya, na mwenye akili hununua kuukuu akaivalisha vipya.

Likaja suala la bodaboda. Kanuni za mwaka 2010 ziliruhusu rasmi pikipiki kubeba abiria kwa leseni, na daladala za baiskeli zilizokuwa zikibeba watu katika miji ya Tabora na Shinyanga zikapoteza abiria wengi. Pikipiki ni ya kasi na hakuna sababu ya kuibeza. Lakini petroli ilipovuka shilingi 3,000 kwa lita mwaka 2022, ilionekana wazi nani hulala na deni la mafuta na marejesho ya mkataba, na nani hulala na deni la tyubu tu.

Usiku, Ulyankulu, baiskeli hulala ndani pamoja na watu. Kijijini hilo halina shida. Shida huanza mjini, kwenye chumba kimoja cha kupanga, ambako baiskeli hupishana na kitanda na sufuria, na tairi lenye tope huingia juu ya sakafu iliyodekiwa. Aliyekuja Tabora kuuza asali au mkaa huegemeza yake ukutani mwa duka la mtu na kumwomba mwenye duka aiangalie. Majengo mengi ya umma yamechorewa maegesho ya magari, si chuma cha kufungia baiskeli. Dar es Salaam, mabasi ya mwendokasi yalipoanza mwaka 2016, Barabara ya Morogoro ilipata njia za baiskeli, ingawa pikipiki hazikuchelewa kuziingia.

Mwaka 2003 Serikali ilifuta kodi ya maendeleo pamoja na nyingine zilizoitwa kodi kero, na mwananchi wa kipato cha chini akapumua. Kilichobaki ni huduma, na hii ni ya bei ndogo. Bomba la chuma lililopindwa na kuchimbiwa kwa zege nje ya soko, hospitali na stendi linaweza kushikilia baiskeli mbili, na fundi yeyote wa kuchomelea mjini Tabora anaweza kulitengeneza kabla ya adhuhuri.